Namna ya Kuposa Nati Kumi na Mbili

Ukienda kununua maboksi ya joto ya Porsche 911 yaliyokwisha kutumika, nenda na chetezo. Beba kaa moja la moto, ubani wa kutosha na vitambaa vilivyoloweshwa maji. Muuzaji atakukodolea macho; msalimie vizuri, uendelee na kazi. Ziba kwa vitambaa midomo yote ya mabomba ya moshi isipokuwa mmoja, uelekeze huo chini, weka chetezo chini yake na upepee taratibu. Moshi wa ubani utapanda ndani ya mabomba. Sasa inamisha pua kwenye tundu jingine kabisa, lile kubwa la kutolea hewa ya joto. Ukisikia harufu ya ubani hapo, mrudishie mwenyewe boksi lake, hata kama amelipaka rangi mpya ya fedha. Hasa kama amelipaka rangi. Ubani unapopita, moshi wa petroli nao utapita, na mwisho wa njia hiyo ni kifua chako.

Nieleze kwa nini. Injini ya 911 ya zamani haina maji. Gari hili lilioneshwa kwa mara ya kwanza Frankfurt mwaka 1963 likiitwa 901, kabla Peugeot hawajadai kwamba majina ya tarakimu tatu zenye sifuri katikati ni yao. Tangu hapo hadi 1998, zilipokoma kutengenezwa 911 za namna hiyo, silinda zake sita zilipozwa kwa upepo wa feni na kwa oili. Gari la kawaida huiba joto la hita kutoka kwenye maji ya rejeta. Hapa hakuna rejeta, basi wahandisi wa Stuttgart wakalifuata joto kule liliko jingi zaidi, kwenye bomba la moshi. Wakalivika bomba koti la bati, wakaacha nafasi kati ya koti na bomba, wakapitisha humo sehemu ya upepo wa feni. Koti na bomba lake ndilo boksi la joto. Hewa huingia baridi, hulipapasa bomba, hutoka moto, kisha husafiri ndani ya vizingiti vya bodi, chini ya milango, hadi miguuni mwa dereva na kwenye kioo cha mbele. Volkswagen za zamani zenye mgongo wa kobe zilipata joto lao kwa akili hiyohiyo.

Naipenda akili hiyo. Hakuna pampu ya maji, hakuna mpira wa kupasuka, ni feni, bati na moto uliokuwa unapotea bure. Lakini kati ya hewa unayovuta na moshi wa injini kuna ukuta mmoja tu wa chuma chembamba. Sote tumesikia habari za watu walioingiza jiko la makaa chumbani usiku wa baridi, wakafunga dirisha, wakalala, na asubuhi majirani wakavunja mlango. Gesi iliyowaua, kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na injini ya petroli huitengeneza kila inapounguruma. Boksi lililotoboka ndani ni jiko la makaa lenye magurudumu.

Kwa hiyo tofautisha kutu mbili. Kutu ya koti la nje hukunyima joto tu. Kutu ya bomba la ndani hukunyima maisha, na hiyo huioni ukilala chini ya gari na tochi, kwa sababu koti limeifunika. Chomoa mpira unaotoka kwenye boksi kwenda mbele ya gari, ingiza kitambaa cheupe, sugua, toa. Kitambaa kikitoka na weusi wa mafuta, yawezekana gasketi ya kava ya vali inavuja na matone yanaungua juu ya boksi. Harufu yake inachukiza, ila dawa yake ni gasketi. Kikitoka na masizi makavu, kama ya sufuria ya kuni, bomba la ndani limetoboka. Liegeshe gari. Usijifariji kwamba utauacha chini wenzo wa hita ulio kati ya viti. Wenzo huo hufunga kilango cha bati chenye umri wa gari lenyewe, nacho hakikuumbwa kuzuia gesi.

Nimefanya kazi hii Nairobi, na kila mara hupita mtu akauliza: hita ya nini hapa kwetu? Anayeuliza hajapita Kimende saa kumi na moja alfajiri mwezi wa Julai, ukungu umelala barabarani na kioo kimelowa kwa ndani kwa pumzi za watu wawili. Katika 911 ya zamani, hewa ya boksi ndiyo inayokausha kioo. Gari la mashindano ni jambo jingine. Hilo linaweza kuvuliwa maboksi na kuvishwa mabomba matupu. Na 911 tunazijua kwa mashindano. Mwaka 1978 Vic Preston Jr., kijana wa hapahapa Kenya, alimaliza wa pili kwenye Safari Rally kwa 911 SC, nyuma ya Jean-Pierre Nicolas na Peugeot yake 504. Björn Waldegård alikuwa wa nne mwaka huo kwa SC nyingine, na mwaka 2011 alirudi mtu mzima akashinda mbio za magari ya kale za East African Safari Classic kwa 911. Lakini wewe humbebi msoma ramani mwenye kofia ngumu. Unambeba mama na sinia la maandazi kwenda Nakuru. Weka maboksi.

Gari la mwongozo huu ni SC, iliyotengenezwa kuanzia 1978 hadi 1983, lita tatu. Katika hiyo, moshi wa upande wa kushoto huvuka chini ya injini kwenda kuungana na wa kulia, kisha wote hutoka pamoja. Katika 911 za 1974 na kurudi nyuma kila upande uliingia kwenye silensa kwa mlango wake, na wenye SC wengi hununua maboksi ya mtindo huo wa zamani pamoja na silensa ya milango miwili ili injini ipumue vizuri. Kuhusu chuma, kama mfuko unaruhusu, nunua maboksi ya chuma cha pua, kama yale yanayouzwa kwa jina la SSI. Chuma cha kawaida kitaoza tena, kwa sababu adui yake yumo ndani: moshi una mvuke wa maji, na gari la kale hutembea safari fupi, halipati moto wa kutosha kuukausha.

Liinue gari nyuma. Weka vizuizi magurudumu ya mbele, stendi imara zikamate ncha za bomba la tosheni ya nyuma, na usitegemee jeki peke yake hata kwa dakika ya kuokota spana. SC ina uzito wa kilo 1,160 hivi, na sehemu kubwa imekaa nyuma, juu ya kichwa chako. Toa magurudumu ya nyuma upate mwanga na nafasi ya mikono.

Sasa tumefika kwa ukoo wenyewe. Kila silinda ina stadi mbili, zile boliti zisizo na kichwa zilizopandwa kwenye silinda hedi, na kila stadi ina nati yake. Silinda sita, nati 12. Zimeishi pamoja zaidi ya miaka 40, zikichomwa na kupozwa kila gari lilipotoka, zikila matope, na kama gari lilitoka Ulaya, zikila pia chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. Huwezi kuingia nyumba ya namna hiyo siku ya kwanza ukasema umekuja kumchukua binti. Nati hizi zinaposwa. Mshenga ni wewe.

Siku ya kwanza ni ya hodi. Acha soketi kwenye boksi la vifaa. Chukua brashi ya waya, safisha kila nati mpaka uone uzi wa stadi unaojitokeza, kisha nyunyiza oili ya kulegeza kutu. Hicho ni kifungua mlango. Ondoka. Jioni rudi, nyunyiza tena, uondoke tena. Siku ya pili fanya vilevile asubuhi na jioni. Injini usiiwashe siku hizo, maana oili itaungua kabla haijapenya. Kijana wa gereji atakuambia anaweza kuzimaliza kwa nusu saa kwa spana ndefu na bomba la kurefushia mkono. Anaweza kweli. Na saa zinazofuata atazimaliza na drili, akichimba vipande vya stadi ndani ya aluminiamu.

Siku ya tatu toa kwanza silensa na bomba linalovuka chini ya injini. Chomoa mipira inayoshusha upepo kutoka kwenye feni, na ile inayopeleka joto mbele. Upande wa kulia nenda kwa adabu: hapo lipo bomba la oili la kwenda kwenye tangi lililo nyuma ya gurudumu la kulia, na boksi litakapokuwa linashuka litapita karibu nalo sana. Ukilipinda, umejiletea kazi ya pili kabla ya kumaliza ya kwanza.

Ndipo uzungumze na nati. Zipo za aina mbili. Nyingine unaziona, za kawaida, spana ya 13. Nyingine zimejificha ndani ya boksi lenyewe. Ni nati za mviringo, ndefu, zenye tundu la pembe sita la milimita 8, na unazifikia kwa alenki ndefu kupitia tundu la kwenye boksi. Tundu hilo la pembe sita limejaa uchafu wa miaka. Likwangue kwa msumari uliochongwa, lipulize, lipige brashi, hadi alenki izame mpaka mwisho na kukaa bila kucheza. Mtu akiingiza alenki nusu na kuvuta, pembe sita zinakuwa duara, na huyo binti hataolewa tena.

Mkono wa kwanza usifungue. Kaza. Kidogo tu, kiasi cha kuishtua kutu. Kisha legeza kidogo, kaza, nyunyiza, legeza. Hapa sikio na kiganja vinafanya kazi kuliko misuli. Kutu inayokubali hulia: kri, fupi na kavu, halafu nati inasogea. Stadi inayokaribia kukatika hailii. Inalainika. Utahisi spana inazunguka kwa ulaini wa kutia shaka, kama unasokota mpira, nati inageuka na stadi inageuka nayo bila kutoka. Acha palepale. Mkono wako usibishane na ulaini huo.

Nati iliyokataa iletewe kilemba, yaani moto. Kabla ya kuwasha gesi, futa oili yote uliyonyunyiza na ile iliyovuja zamani, hakikisha mabomba ya petroli hayavuji, na mtungi wa kuzimia moto uwe mkononi mwa mtu mwingine, asiyekuwa na kazi nyingine yoyote. Kwenye SC bloku ya injini ni aluminiamu. Kama gari lako ni la kati ya 1968 na 1977, huenda bloku ni ya magnesiamu, na magnesiamu ikishika moto maji hayaizimi bali huichochea. Kwa gari hilo mwite fundi aliyezoea, asimame nawe. Mwali mdogo, uelekezwe kwenye nati peke yake, mpaka iive nyekundu. Ondoa mwali. Nati ikianza kurudi nyeusi, gusisha mshumaa mweupe wa dukani kwenye uzi. Nta itayeyuka na kunyonywa ndani, mahali ambapo oili haikufika kwa siku mbili. Subiri kidogo, kaza, legeza. Nimeona nati iliyogoma asubuhi nzima ikitoka kwa vidole baada ya mshumaa wa pili.

Wakati mwingine nati hutoka na stadi yake nzima, zimeshikana. Usihuzunike. Ndiyo ndoa safi kuliko zote: hedi imebaki salama, na ulikuwa ununue stadi mpya vyovyote.

Na wakati mwingine stadi hukatika. Iliwahi kunikatikia moja ya silinda ya sita, upande wa kulia, ikabaki na kimo cha milimita nne hivi juu ya uso wa hedi. Fundi aliyenifunza, mzee asiyepandisha sauti, aliinama akaitazama, akaniambia, "Mwanangu, nawa mikono tule kwanza." Tulikula. Baada ya chakula alimwita mchomeleaji, wakaweka nati mpya juu ya kile kibaki, wakajaza katikati yake kwa welda, wakaiacha ipoe hadi ishikike. Joto la welda lilikuwa limevunja mshiko wa kutu mle ndani. Ilitoka kwa spana fupi. Kama ningeendelea kuvuta saa ile ya hasira kwa koleo, ningeikata usawa wa hedi, na hapo pangebaki njia moja: kufunga bamba lenye tundu la kuongoza drili, kuchimba katikati kabisa ya stadi, polepole, kwa sababu chuma cha stadi ni kigumu na aluminiamu inayoizunguka ni laini, na drili ikipata nafasi hukimbilia kwenye laini. Uzi ukiharibika, hutiwa uzi mpya wa chuma. Inawezekana. Nimeifanya. Lakini ni kazi ya siku nzima kwa stadi moja, nawe umelala chali.

Maboksi yakishuka, usikimbilie kupandisha mapya. Safisha uso wa kila mlango wa moshi mpaka gasketi kuukuu isibaki hata ukucha, lakini usitumie kitu kinachokwaruza aluminiamu. Badilisha stadi zote zenye uzi uliolika, si ile iliyokatika tu. Gasketi ziwe mpya, nati ziwe mpya. Paka uzi grisi ya shaba. Wapo wanaobania hapa, baada ya kununua maboksi kwa bei ya pikipiki, wakarudisha nati 12 za zamani zilizowatesa siku tatu. Wanamwandalia mateso mtu mwingine wa kesho, na mara nyingi mtu huyo ni mtoto wao.

Kupandisha kunahitaji watu wawili. Mmoja abebe boksi kifuani, mwingine azungushe nati kwa vidole. Usikaze hata moja kabla zote sita za upande huo hazijaingia kwa vidole bila kulazimishwa. Ikigoma moja, legeza zote, tikisa boksi, anza upya. Kisha kaza kwa duru, kuanzia za katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo, boksi likae sawasawa kwenye milango yote mitatu. Stadi za milimita 8 hazitaki nguvu ya kijeshi. Tumia spana yenye kipimo na ufuate kitabu cha gari lako.

Rudisha mabomba, mipira na silensa. Kabla hujawasha, changanya sabuni na maji kwenye chupa ya kunyunyizia. Washa injini ikiwa baridi, na katika dakika ya kwanza nyunyiza kila kiungo. Povu litakuonesha panapovuja. Usisogeze vidole karibu, chuma hicho hupata moto haraka. Fanya hivyo nje, si ndani ya gereji, na uiache injini iungurume milango ikiwa wazi, kwa sababu maboksi mapya huja na mafuta ya kiwandani yanayoungua kwa moshi mweupe wa kutisha. Utaisha.

Jambo la mwisho kabla ya safari: nunua king'ora kidogo cha kaboni monoksidi, kile cha betri, ukiweke ndani ya gari karibu na kichwa cha dereva, si sakafuni. Pandisha wenzo wa hita hadi juu, funga vioo, acha injini iungurume, na wewe simama nje ukitazama namba. Zikipanda, gari halitoki leo. Zikibaki sifuri, ingia.

Nenda Limuru alfajiri. Utaanza na kioo cheupe kwa ukungu, ukiendesha taratibu, kitambaa mkononi. Joto la 911 halina haraka. Linaifuata injini, na injini ikipanda mlima nalo linapanda. Kwanza utalisikia kwenye vifundo vya miguu. Halafu chini ya kioo pataanza kutokea madoa mawili meusi, yatapanuka, yatakutana, na barabara itatokea ndani yake, lori la mbogamboga mbele yako na taa zake nyekundu. Vuta pumzi. Inanukia chuma cha moto na vumbi, basi.

Kesho yake, injini ikiwa baridi kabisa, rudi chini na spana yenye kipimo. Gasketi mpya hulala baada ya moto wa kwanza, na nati mbili tatu zitakuwa zimelegea kidogo.